Mkono wa Kushoto wa Cherehani

Mtu akimtazama mshonaji wa mkono kazini, macho yake hufuata mkono wa kulia. Huo ndio ushikao sindano, upandao na kushuka, na upewao sifa mshono ukiwa mzuri. Mkono wa kushoto hausifiwi, ingawa kazi yake ni kubwa. Huo ndio ushikao kitambaa kisiteleze, uvutao palipolegea na kulegeza palipovutwa mno, ukunjao upindo mbele ya sindano, ukusanyao marinda, na uongozao ukingo wa nguo usiende upande. Mkono wa kulia hutenda tendo moja mara elfu. Mkono wa kushoto hutenda matendo mengi, kila moja kwa wakati wake. Wahenga walisema kuwa kidole kimoja hakivunji chawa. Na sindano peke yake haishoni nguo.

Historia ya cherehani imesimuliwa mara nyingi kama historia ya sindano: nani aliyehamisha tundu lake kutoka kichwani hadi nchani, nani aliyeongeza uzi wa pili chini ya kitambaa, na nani aliyemshitaki mwenzake kwa ajili ya mambo hayo. Masimulizi hayo ni ya kweli, lakini yana upungufu ule ule wa macho ya mtazamaji: yameona mkono wa kulia yakasahau wa kushoto. Cherehani haikuwa chombo cha kushonea nguo nzima mpaka ilipopata kitu cha kushika kitambaa bila ya kukifunga. Kitu hicho ni kipande kidogo cha chuma, mfano wa unyayo wenye vidole viwili, kilichotiwa mwisho wa ufito ulio nyuma ya sindano na kusukumwa chini kwa nguvu ya kamani. Huitwa mguu wa cherehani. Jina ni la mguu, lakini kazi ni ya mkono wa kushoto. Na miguu maalumu ya namna namna iliyofuata baadaye, wa kupinda, wa marinda, wa kigwe, wa zipu, wa matundu ya vifungo, yote ni vidole vya mkono huo vilivyogeuzwa chuma, kimoja baada ya kimoja.

Hata lugha ya Kiswahili haikuutazama mguu huo. Neno cherehani lina asili ya Kiajemi, katika neno lenye maana ya gurudumu, na ni ndugu wa cherehe, jiwe la kunolea lizungukalo. Watu wa pwani waliipa mashine jina la kitu kilichoonekana kikizunguka mbele ya macho yao. Mguu, ulio mdogo na ukaao kimya juu ya kitambaa, haukujitangaza kwa mtu.

Jaribio la mwanzo lijulikanalo la kushona kwa mashine ni la Thomas Saint, seremala wa samani wa London, aliyepewa hati ya uvumbuzi mwaka 1790. Mashine yake ilikusudiwa ngozi: msumari ulitoboa tundu kwanza, kisha sindano yenye ncha ya panda ikausukuma uzi ndani yake. Michoro ya Saint ililala katika ofisi ya hati mpaka Newton Wilson alipoikuta katika miaka ya 1870. Ngozi ni kitu kigumu, hujishika yenyewe. Kwa hiyo Saint hakulazimika kukabili shida iliyowangojea waliokuja nyuma yake, yaani shida ya kitambaa laini ambacho huinuka pamoja na sindano kila ipandapo, kikateleza na kujikunja.

Barthélemy Thimonnier, mshona nguo wa Kifaransa, alipata hati yake mwaka 1830. Mashine yake ilikuwa ya mbao, na sindano yake ilikuwa na kulabu iliyovuta uzi kutoka chini ya kitambaa na kufanya mshono wa mnyororo. Mashine zipatazo 80 ziliwekwa katika karakana moja ya Paris ili kushona sare za askari. Mwezi wa Januari 1831 kundi la washona nguo liliivamia karakana hiyo likazivunja mashine. Thimonnier alijaribu tena na tena baada ya hapo, akafa maskini mwaka 1857. Wale waliovunja hawakuuliza sindano ilikuwa na tundu wapi. Waliuliza, kwa marungu, mashine ikijua kushona mshonaji atakula nini. Swali hilo halikuvunjika pamoja na mashine, na litarudi katika habari hii.

Huko New York, katika miaka ya mwanzo ya 1830, Walter Hunt alitengeneza mashine yenye sindano ya tundu nchani na kidau kidogo cha kupitisha uzi wa pili. Iliweza kushona mshono mfupi ulionyoka tu, naye hakuiombea hati. Elias Howe wa Massachusetts alifika mbali zaidi. Mwaka 1845 aliishindanisha mashine yake na wanawake watano wepesi wa kushona katika kiwanda cha nguo cha Quincy Hall, Boston, nayo ikawashinda kwa kupiga hatua 250 za mshono katika dakika moja. Tarehe 10 Septemba 1846 alipewa hati. Sindano yake na kidau chake vilifanya mshono wa kufungana, ambao nyuzi mbili hukabana katikati ya kitambaa. Kwa upande wa mkono wa kulia, kazi ilikuwa karibu kukamilika.

Lakini kitambaa katika mashine ya Howe kilitundikwa wima juu ya bamba jembamba la chuma lenye miiba midogo. Bamba lilisogea pamoja na kitambaa, hatua kwa hatua, mpaka likafika mwisho wake. Hapo mashine ilisimama. Mshonaji alikibandua kitambaa, akalirudisha bamba lilikoanzia, akakitundika upya. Tena, kwa kuwa bamba lilikwenda njia moja, mshono nao ulikwenda njia moja. Shingo ya gauni, kwapa la shati na bega la koti yote yana mviringo. Na mashine iliyowashinda wanawake watano katika mshono ulionyoka isingeweza kumshinda hata mmoja wao katika kutia mkono wa koti. Howe alikuwa amekifunga kitambaa kama mfungwa afungwavyo: hakikuteleza, lakini pia hakikuweza kugeuka. Haistaajabishi kuwa wanunuzi walikuwa haba. Nduguye, Amasa Howe, aliichukua mashine mpaka London, akamwuzia William Thomas, mtengenezaji wa mavazi ya kubana viuno vya wanawake, kwa pauni 250.

Mwaka 1849 Mmarekani mwingine, John Bachelder, alikilaza kitambaa juu ya meza badala ya kukitundika, akakisogeza kwa mkanda usio na mwisho wenye miiba. Safari ya kitambaa sasa ilikuwa haina kikomo, ila miiba ilikuwa ingali imekishika.

Mtu aliyeiondoa miiba hiyo katika mashine iliyouzwa kwa wingi ni Isaac Merritt Singer. Mwaka 1850 alikuwa Boston, katika karakana ya Orson Phelps, mahali palipotengenezwa mashine za kushona zilizoharibika upesi. Singer aliitazama mojawapo, akasema angeweza kuunda iliyo bora. Na kwa masimulizi yaliyotoka kwake mwenyewe, alifanya kazi usiku na mchana kwa siku 11 kwa dola 40 za kukopa. Hati yake ni ya tarehe 12 Agosti 1851. Si yeye aliyebuni sehemu zote. Sindano ya tundu nchani ilikuwa ya wengine, na wazo la kukandamiza kitambaa lilikuwa limekwisha kuwako. Sifa ya mashine ya Singer ni kuyaweka pamoja mambo yaliyokuwa yametawanyika: meza iliyolala, mkono wa chuma uliopita juu ya meza, sindano iliyopanda na kushuka wima, gurudumu lenye makwaruzo lililokisogeza kitambaa kwa chini, na kwa juu, mguu wenye kamani. Mwaka 1854 Allen Wilson aliongeza meno madogo yenye mwendo wa namna nne: huinuka, husogea mbele na kitambaa, hushuka, kisha hurudi yalikotoka. Cherehani za leo, hata ziendazo kwa umeme na kompyuta, bado hutumia meno ya namna hiyo na mguu wa namna hiyo.

Inafaa kueleza kazi ya mguu huu kwa utaratibu, maana miguu maalumu haifahamiki bila ya kuufahamu wa kawaida. Sindano inapopanda hutaka kukiinua kitambaa pamoja nayo. Mguu hukizuia, na kwa kukizuia huuacha uzi ufanye kitanzi kidogo chini, ambacho kidau au kulabu hukidaka. Kitambaa kikiinuka, kitanzi hakifanyiki, na hatua ya mshono huruka. Meno yanapoinuka na kusogea, mguu hukishindilia kitambaa juu yake ili yakishike; bila ya mguu meno yangekwaruza tu yasisukume kitu. Meno yakishuka, kitambaa hubaki kati ya mguu na meza, kimetulia lakini hakikufungwa, na mikono ya mshonaji huweza kukielekeza kulia au kushoto. Akifika penye pembe, huiacha sindano ndani ya kitambaa, huuinua mguu, hukizungusha kitambaa, huushusha mguu, akaendelea. Tendo hilo dogo, ambalo kila mwanafunzi wa ushonaji hulijua siku ya kwanza, halikuwezekana kwa bamba la Howe.

Hekima yote ya mguu, basi, ni kipimo. Ukikandamiza mno, hariri hupata alama na kitambaa chepesi hukunjamana. Ukilegea mno, turubai huinuka na mshono huharibika. Ndiyo sababu juu ya ufito wake kuna skurubu ya kuongeza na kupunguza nguvu ya kamani. Mkono wa kushoto wa binadamu hukipima kipimo hicho kwa hisia. Cherehani hupimiwa na mwenyewe.

Mashauri ya mahakamani yaliyofuata hayana haja ya kukaliwa. Mwaka 1854 Singer alimlipa Howe dola 15,000, na mwaka 1856 makampuni makubwa pamoja na Howe walipatana kuziweka hati zao katika fungu moja. Kila mtengenezaji mwingine alilipa dola 15 kwa kila mashine, na katika hizo Howe alipata dola 5. Baada ya mwaka 1860 malipo yalishuka hadi dola 7, na fungu la Howe dola 1. Mapatano hayo yalikwisha mwaka 1877, hati ya mwisho, yaani ile ya Bachelder, ilipomaliza muda wake. Tangu hapo yeyote aliweza kutengeneza cherehani nzuri, na mashine za makampuni mbalimbali zikafanana kwa mambo makubwa. Wauzaji walishindana zaidi na zaidi kwa mambo madogo, na miongoni mwa hayo ni sanduku la vyombo vya ziada lililofuatana na mashine.

Sanduku moja la Singer la mwaka 1889 hivi ni mfano mzuri. Lilikuwa la mbao, na lilipofunguliwa lililala bapa kama mkeka mfupi, kila chombo kikiwa mahali pake. Wakusanyaji wa vitu vya kale huliita sanduku la fumbo. Ndani yake mtu aweza kuuona mkono wa kushoto umekatwa vidole na kupangwa. Kuna mguu wa kupinda, wenye mfereji wa chuma uliojisokota kwa mbele kama gome la konokono. Ukingo wa kitambaa huingia mferejini umelala, hujikunja mara moja, hujikunja mara ya pili, na hufika chini ya sindano ukiwa upindo kamili. Kazi hii kwa mkono hutaka kidole gumba na kidole cha shahada vitembee pamoja, tena kwanza mshonaji apige bandi ili mkunjo usifunguke. Kuna chombo cha kukungia ukingo, mfano wa faneli, ambacho huupokea utepe na kuukunja pande zote mbili za ukingo wa nguo ili ushonwe kwa safari moja. Kuna mguu wa kigwe, wenye tundu la kukiongoza kigwe mbele ya sindano kisitoke katika mchoro wa pambo. Kuna chombo cha mikunjo sambamba, ambacho huku kikishona mkunjo mmoja hutia alama mahali pa mkunjo ufuatao, ili nafasi zote zilingane.

Kilicho cha ajabu kupita vyote ni chombo cha marinda. Hiki hupata mwendo wake katika kishikio cha sindano. Sindano ikishuka na kupanda, wembe mpana usio makali husukuma kitambaa kidogo chini ya mguu na kukifanya rinda, kisha hurudi nyuma kuchukua kingine. Mshonaji aweza kukipanga kifanye rinda kwa kila hatua ya mshono, au kwa hatua kadhaa. Kwa mkono, kukusanya marinda ya pindo la gauni refu ni kazi ya kupitisha uzi, kuuvuta, kugawa marinda kwa macho na vidole, na kuyashona tena moja moja. Kwa chombo hiki ni kazi ya kukaa na kuiendesha mashine.

Hapa swali la washona nguo wa Paris linarudi. Je, vidole hivi vya chuma viliupunguzia mkono wa binadamu kazi, au viliunyang'anya? Mwaka 1843, kabla ya mashine ya Howe, Thomas Hood alichapisha London shairi maarufu juu ya mwanamke fukara ashonaye mashati usiku na mchana, na wasomaji wake walijua kuwa hakutia chumvi. Mwaka 1861 kampuni ya Wheeler na Wilson ilitoa hesabu ya majaribio yake: shati la mwanamume kwa mkono lilichukua saa 14 na dakika 26, na kwa mashine saa 1 na dakika 16, gauni la hariri kwa mkono saa 10 na dakika 22, na kwa mashine saa 1 na dakika 13. Hesabu hizo ni za mwuzaji, na mwuzaji husifu bidhaa yake. Lakini hata zikipunguzwa nusu, tofauti hubaki kubwa. Mtu angetazamia, basi, kuwa mshonaji wa London au New York angepata saa nyingi za kupumzika.

Haikuwa hivyo. Kwanza, saa zilizookolewa hazikumfikia aliyezishona. Malipo ya kila nguo yalishuka kadiri nguo zilivyoongezeka, na wanawake wengi waliofanyia kazi nyumbani ilibidi waikodi mashine na kununua uzi kwa fedha zao wenyewe. Pili, saa hizo zilimezwa na nguo zenyewe. Tazama magauni ya wanawake wa Ulaya na Marekani katika miaka ya 1870: marinda juu ya marinda, mikunjo, vigwe na tepe toka kiunoni hadi chini. Pambo lililokuwa ghali kwa sababu ya kazi yake sasa lilikuwa rahisi. Na kwa kuwa lilikuwa rahisi, lilidaiwa na kila mtu. Chombo cha marinda kiliokoa muda wa rinda moja, kikaleta desturi ya marinda mia. Jambo hili lastahili kukumbukwa na kila asomaye habari za mashine, kwani limetokea tena katika zana nyingi za baadaye.

Hata hivyo si haki kuhukumu upande mmoja. Mwaka 1924 Mahatma Gandhi, aliyezilaumu mashine kwa ukali kuliko wengi wa zama zake, aliitoa cherehani katika lawama hiyo, akaitaja kuwa miongoni mwa vitu vichache vyenye manufaa vilivyobuniwa. Hoja yake inaeleweka. Kinu cha kufuma nguo hukaa kwa tajiri, na mfanyakazi hukifuata. Cherehani huweza kukaa nyumbani kwa mwenyewe, ikaendeshwa kwa mkono wake au kwa kanyagio, na faida yake ikabaki naye. Shida ya washonaji wa London haikuwa katika chuma, bali katika suala la nani mwenye chuma na nani apangaye bei ya shati.

Karne ya 20 iliuongezea mkono wa kushoto vidole vingine, na mara nyingi kidole kipya kilizaliwa na kitu kipya cha kushonwa. Zipu ni mfano. Gideon Sundback, mzaliwa wa Uswidi aliyehamia Marekani, aliikamilisha mwaka 1913 na kupata hati mwaka 1917. Mwaka 1923 kampuni ya Goodrich ilieneza jina la zipu kwa viatu vyake vya mpira, na katika miaka ya 1930 zipu iliingia katika magauni na suruali. Mguu wa kawaida haukuweza kuishona. Kidole chake kimoja hupanda juu ya meno ya zipu, mguu wote ukaenda upande, na sindano ikashona mbali na mahali panapotakiwa. Dawa yake ilikuwa nyepesi: mguu wenye kidole kimoja tu, unaohamishwa upande wa kulia au wa kushoto wa sindano, ili mshono upite ubavuni mwa meno. Mguu huo huo hutumika kushonea utepe wenye kigwe ndani yake, kama ule wa kingo za mito ya viti.

Mshono wa zigizaga, uendao huku na huku, ulikuwa na historia ndefu zaidi. Helen Augusta Blanchard wa Marekani alipata hati ya mashine ya namna hiyo mwaka 1873, lakini ulikaa viwandani kwa miaka mingi kabla ya kuenea majumbani baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Sindano iendayo pande mbili hutaka mguu wenye mwanya mpana. Mshonaji akisahau, akauacha mguu wa mshono ulionyoka wenye kitundu chembamba, sindano hupiga chuma na kuvunjika. Kinyume chake pia kina hasara: kitambaa chepesi sana chini ya mguu wenye mwanya mpana huzamishwa na sindano katika tundu la bamba, kwa kuwa hakuna kinachokishika karibu. Hivyo mguu uliozaliwa kwa kazi moja si bora kuliko mwingine. Ni bora kwa kazi yake.

Kabla ya zigizaga kuenea, tatizo la matundu ya vifungo lilitatuliwa kwa werevu wa pekee. Cherehani ya kawaida haikuweza kuipeleka sindano kulia na kushoto, na tundu la kifungo hutaka kingo zake zizungushiwe mshono wa namna hiyo. Wavumbuzi waliiacha sindano ilipo, wakakitikisa kitambaa. Chombo kilichofungwa mahali pa mguu kilikishika kitambaa, kikakipeleka huku na huku na kukizungusha, kwa kufuata kigezo cha chuma chenye umbo la tundu. Vyombo vya namna hiyo vya Singer, vyenye vigezo vya ukubwa mbalimbali, vilipendwa sana katika miaka ya 1940 na 1950. Meno ya chini yalifunikwa ili yasiingilie kazi. Hapo mkono wa kushoto ulifanya kila kitu, na mkono wa kulia ukabaki kupanda na kushuka tu.

Miguu mingine ilitokana na tabia za vitambaa. Meno husukuma kitambaa cha chini, na mguu wa kawaida hukikawiza cha juu; mwisho wa mshono mrefu cha juu huonekana kimezidi, na mistari ya kitambaa haikutani. Mguu wa kutembea huiponya kasoro hiyo kwa kuwa na meno yake wenyewe, yanayokisogeza kitambaa cha juu sawasawa na cha chini. Ngozi na plastiki hunata chini ya chuma. Kwa hizo kuna mguu wenye vigurudumu, au mguu wa teflon, dutu iliyogunduliwa na Roy Plunkett mwaka 1938. Na kwa kuwa mashine zina shina fupi, shina refu, au shina la kuinama kama baadhi ya zile za Singer za miaka ya 1950, mguu wa mashine moja si lazima ukubali mashine nyingine. Mnunuzi asiyepima shina huenda akarudi nyumbani na kidole kisicho na mkono.

Cherehani zilizoenea katika pwani ya Afrika ya Mashariki zilikuwa sehemu ya historia hii. Nyingi za Singer zilitoka katika kiwanda cha Kilbowie, Clydebank, Uskoti, kilichofunguliwa mwaka 1885 na kufungwa mwaka 1980. Baadaye zikaja za Kichina, kama Butterfly. Kuanzia Lamu hadi Kilwa, fundi na kanyagio lake barazani pa duka la nguo amekuwa sehemu ya mtaa. Kazi yake moja ya kila siku ni kupinda kanga. Kanga huuzwa doti, yaani mbili zilizoungana. Hukatwa katikati, na kingo zilizo wazi hupindwa. Hii ni kazi ambayo mguu wa konokono ulibuniwa kwa ajili yake hasa. Lakini fundi wengi hawautumii. Huuacha mguu wa kawaida mahali pake, na vidole vya mkono wa kushoto huukunja ukingo mara mbili mbele ya sindano, kwa mwendo ule ule wa kanyagio, bila ya bandi na bila ya kipimo.

Jambo hili si la kuonewa haya wala si ushahidi wa kukosa maendeleo. Mguu wa kupinda hutoa upindo wa upana mmoja tu, ule uliokatiwa mfereji wake. Hukwama penye unene wa mshono uliotangulia. Na kuufungua na kuufunga tena huchukua muda ambao fundi, mwenye kanga moja ya huyu na suruali ya yule, hawezi kuutoa kila mara. Katika kiwanda kinachopinda leso elfu za namna moja, chuma hushinda. Barazani, ambako kila mteja huja na haja yake, kidole hushinda, kwani kidole kimoja huwa mguu wa kupinda sasa hivi, na baada ya dakika huwa mguu wa marinda.

Hilo ndilo jibu, kwa kadiri jibu linavyopatikana, la swali lililoulizwa kwa marungu mwaka 1831. Kila mguu maalumu umechukua tendo moja kutoka katika mkono wa mshonaji na kulihifadhi katika chuma, na tendo hilo limekuwa rahisi kwa asiyelijua. Msichana aliyeanza jana aweza kushona upindo wa hariri ambao zamani ulihitaji mazoezi ya miaka. Hiyo ni faida, na hakuna sababu ya kuikana. Lakini hakuna mguu ujuao kitambaa gani kiko chini yake, wala ujuao wakati wa kuondoka na kumpisha mwenzake. Ujuzi wa kutenda umegawanywa katika sanduku. Ujuzi wa kuchagua umebaki kwa mtu. Mwenye sanduku lililojaa miguu asiyeijua nguo atavunja sindano nyingi. Na fundi mwenye mguu mmoja, ambaye mkono wake wa kushoto umejifunza, atawavisha watu. Aliye na vyote viwili amebarikiwa. Lakini wa kuanza nao ni mkono.